Skuta Inayozimika Ndosho

Sura ya Nane

Inspekta Zihindula alikuwa na saa nne na nusu za kumfunga mtu au kumwokoa, na badala ya kuanza na huyo mtu, alianza na chai.

Ndivyo alivyo. Ni mtu wa Bukavu, na sisi wa Goma tunasema mtu wa Bukavu akikuta nyumba inaungua atauliza kwanza sukari mmeiweka wapi. Polisi walimhamishia kwetu miaka sita iliyopita, pamoja na kitambi chake na daftari lake, na mpaka leo hajajua kukimbia. Lakini tunampenda, tusiseme uongo. Siku hizo mabomu yalikuwa yanalia upande wa Sake kutwa nzima, watu wanashuka na magodoro kichwani, na wakubwa wake hawakuwa na muda wa kesi ya skuta. Yeye alikuwa nao.

Saa moja na nusu ya asubuhi alikuwa ameketi sebuleni kwa Mama Kahindo, Majengo. Mama Kahindo ni mwenyeji wa Butembo, na ameuza mafuta ya mawese miaka thelathini. Bidoni zake, yale madumu ya njano, zilikuwa zimepangwa ukutani, kila moja na kipande cha plastiki kikichungulia chini ya kifuniko, kama wauza mafuta wote wanavyofanya ili bidoni isivuje ndani ya lori. Hata termosi ya chai aliifunga vilevile, kwa plastiki ya mfuko wa sukari. Alitoa kizibo, akatoa plastiki, akamimina, akarudisha plastiki, akarudisha kizibo. Inspekta alingoja shughuli yote iishe ndipo akapokea kikombe.

"Mama, unielezee toka mwanzo."

"Mwanzo ni mwizi, Inspekta. Mwisho pia ni mwizi. Katikati ndio skuta."

Skuta ilikuwa ya Kambere, mwanawe wa pekee. Kambere alikwenda Butembo na mzigo wa viatu, vita vikafunga barabara nyuma yake, na sasa ulikuwa mwezi wa saba wanaongea naye kwa simu tu. Simu ya kwanza alisema: Mama, unilindie skuta, unilindie na bibi yangu.

"Alianza na skuta?"

"Alianza na skuta. Léonie mwenyewe alicheka mpaka akalia."

Léonie ndiye huyo bibi, mke wa Kambere. Ni mkunga wa kituo cha afya cha mtaa, na kila asubuhi alipanda skuta ya mumewe kwenda kambi ya Lac Vert, ambako wanawake waliokimbia vita walikuwa wanazalia chini ya maturubai. Mama Kahindo aliiosha skuta hiyo kila Jumapili baada ya misa, kwa sabuni na kitambaa laini, na hakuruhusu mtu mwingine kuigusa.

Sasa kwa wiki tatu skuta ilikuwa inazimika njiani. Alhamisi ya juzi ilizimika Ndosho, na wakati Léonie anahangaika nayo kando ya barabara, mwanamke mmoja kule Lac Vert alizaa peke yake juu ya turubai. Mtoto alitoka amejizongomeza kitovu shingoni. Yuko hai kwa sababu jirani alikuwa na kidole chepesi, si kwa sababu nyingine.

"Na mwizi ni nani?"

"Dieudonné, mulinzi wa kituo. Skuta inalalaka kwake. Anauzia batu esansi yetu, petroli yote, anarudisha maji ndani ya tanki. Fundi mwenyewe alifungua kabureta, akakuta matone ya maji. Na Dieudonné amefika lini? Wiki tatu. Wale batu ya milima ya Masisi..." Alitazama mlango wa chumba cha Léonie, maana Léonie naye ni wa milima ya Masisi. "Wengine wako wazuri," alimalizia.

Inspekta alikuwa anaandika. "Fundi aliona maji lini? Mbele Dieudonné afike ao nyuma?"

Mama Kahindo alirekebisha kitenge chake. "Karibu na hapo."

"Karibu na hapo," Inspekta alirudia huku anaandika.

Mama Kahindo ndiye aliyeweka sahihi ya kwanza kwenye barua ya mashtaka. Komite ya kituo ingekaa saa sita kamili mchana. Kama Inspekta asingeleta jambo jipya, Dieudonné angepelekwa gerezani Munzenze kungoja kesi, na mkewe Rosette angetoka kwenye chumba cha mlinzi na kurudi kwenye turubai.

*

Dieudonné alikuwa uani mwa kituo, amesimama kando ya skuta ya buluu kana kwamba wote wawili wamekamatwa. Mtu mrefu, mkimya, kofia mkononi. Nyuma yake Rosette alikuwa ameshafunga mzigo: godoro, sufuria mbili, na picha ya Bikira Maria iliyofungwa ndani ya shuka. Alikuwa mwanamke wa kujiandaa mapema, maana vita vilikuwa vimeshamfukuza mara tatu.

"Unajua kuendesha skuta?"

"Ng'ombe ndio najua kuendesha, Papa."

"Hii imekulalia hapa usiku ishirini na moja. Hujawahi kuitoa esansi?"

"Hapana."

"Fungua tanki nione."

Dieudonné aliizunguka skuta. Aligusa taa. Akainama kwenye gurudumu la nyuma, akajaribu kufungua kifuniko cha mahali pa kuwekea glavu. Kiti, ambacho chini yake ndiko kuna tanki, hakukigusa hata kidogo.

"Basi, acha," alisema Inspekta.

Hakuandika kitu. Wezi nao wanajua kuigiza, na yeye aliwahi kufungwa macho na mmoja huko Bukavu aliyejifanya kiwete.

Alikunja mikono ya shati. Hapa lazima niseme kwamba ujanani Zihindula alikuwa na skuta yake, nyekundu, na alimposa mkewe nayo. Kwa hiyo hakumwita fundi. Alitoa kibati cha ubavuni, akalegeza skrubu ndogo chini ya kabureta, akakinga chupa nyeupe ya kioo. Mafuta yakashuka, ya kijani kidogo kwa sababu ya ile oili inayochanganywa na esansi kwenye injini za namna hii. Akaiweka chupa juu ya ukuta, juani, akawasha sigara mbali nayo, akangoja.

"Tunangoja nini, Papa?" aliuliza Dieudonné.

"Maji ni mazito kuliko esansi. Kama iko ndani, itashuka chini na kulala pale, utaiona kwa macho."

Walitazama chupa wote watatu. Sigara iliisha. Kwenye kitako cha chupa hapakuwa na tone la maji.

"Rosette, mama, usifungue mzigo kwanza," alisema Inspekta. "Lakini ukalie juu yake, miguu ipumzike."

*

Kama maji hayakuwamo, pengine esansi yenyewe ilikuwa mbovu. Pale kwenye kona ya kituo anauza Honoré, mmoja wa wale wauza esansi wa barabarani tunaowaita makadhafi, na chupa zake kwenye meza, faneli, na soksi ya mwanamke ya kuchujia. Kila mtu Majengo anajua Honoré anapenda kuongeza mafuta ya taa kidogo. Honoré pia anajua kwamba wanajua.

"Inspekta, ya Mama Léonie siichanganyake," alisema kabla hajaulizwa. "Yeye ndiye alimuzalisha bibi yangu. Mapacha."

"Na za wengine?"

"Wengine hawajanizalisha."

Inspekta alidondosha kiganjani kidogo kutoka kwenye ile chupa ya skuta aliyokuja nayo. Ilikuwa baridi, ikakauka upesi, haikuacha utelezi. Esansi safi. Akamshukuru Honoré, akamwambia atarudi siku nyingine kwa habari ya hao wengine, na Honoré akaanza ghafla kufuta chupa zake.

Saa tatu na nusu. Mwizi hakuonekana, maji hayakuonekana, mafuta ya taa hayakuonekana, na skuta ilikuwa bado inazimika.

*

Léonie alitoka kumpima mama mjamzito, akakuta Inspekta anamngoja kwenye benchi. Ni mwanamke mfupi wa sauti ndogo, lakini wanawake wakiwa kwenye uchungu wanaitii.

"Batu wote wanasema inazimika Ndosho," alianza Inspekta.

"Batu wanasema vile kwa sababu ile Alhamisi ilikuwa Ndosho. Kila siku iko na pake." Alitoa daftari kwenye mfuko wa koti jeupe. Mkunga anaandika saa za kila kitu, na Léonie alikuwa ameandika safari zake kama anavyoandika uchungu: saa ya kutoka, saa ya kusimama, saa ya kufika. Pembeni aliandika tanki limejaa kiasi gani, kwa kuwa alikuwa ameambiwa anaibiwa.

Inspekta alisoma kurasa mbili. Akazisoma tena kuanzia chini. Tanki limejaa: imezimika Katindo, karibu tu. Nusu: imezimika Ndosho. Karibu kuisha: imefika mpaka Mugunga ndipo ikazimika.

"Umeona hii?" alisema.

"Nimeona ni ya kichaa. Ikiwa na esansi nyingi inakufa mbio. Ikiwa na kidogo inaenda mbali."

"Mutu akikuibia esansi, itakuwa kinyume. Sasa ikizimika, wewe unafanyaka nini?"

"Nafungua tanki, natazama kama esansi iko. Iko. Nafunga. Nasali Baba Yetu moja. Napiga teke, inawaka."

"Ukisali bila kufungua?"

Léonie alifikiri. "Sijawahi kujaribu."

"Twende tukajaribu," alisema Inspekta, akanyanyuka na kitambi chake.

*

Walikuwa kichekesho barabarani. Léonie mdogo mbele na usukani, Inspekta mkubwa nyuma, skuta imekaa chini kwa uzito, na wanaume wa taksi-pikipiki wanapiga honi na kuuliza kama mama amemkamata polisi. Vumbi jeusi la volkano liliruka. Malori ya jeshi yalipita kuelekea Sake, na kando yao watu walikuja upande wa pili, mbuzi, masufuria, watoto mgongoni.

Tanki lilikuwa limejaa robo tatu. Walipita Katindo vizuri. Kabla tu ya soko la Ndosho injini ilikohoa, ikavuta, ikakohoa tena, ikanyamaza.

Léonie alishuka na kwa mazoea akanyanyua kiti ili afungue tanki.

"Usiguse," alisema Inspekta.

Alifungua buji kwanza, ile plagi ya kuwashia moto. Ilikuwa kavu. Kwa hiyo esansi haikufika kwenye injini. Akalegeza ile skrubu ya kabureta: tone moja, basi. Akachomoa mpira unaoleta esansi kutoka kwenye tanki, akaukinga kwa kopo. Robine, koki ya tanki, ilikuwa wazi. Tanki lilikuwa limejaa robo tatu. Kwenye mpira hakikutoka kitu.

"Sasa," alisema, "utegeshe sikio hapa, ufungue kifuniko polepole."

Léonie aliinama, akazungusha. Hewa ikaingia kwa sauti ya kunyonya, ndefu, kila mmoja akaisikia, hata mama muuza mihogo aliyekuwa amesogea kutazama. Hapohapo esansi ikaanza kutiririka kwenye kopo.

"Jamani," alisema Léonie. "Ni sawa chupa ya serumu."

"Serumu?"

"Zile chupa za kioo tunazotundikia wagonjwa. Usipochoma sindano ya pili ya kuingiza hewa, dawa inagoma kushuka. Mugonjwa anakufa na dawa iko juu ya kichwa chake." Aliishika ile skuta kwenye usukani. "Kila siku nilikuwa naiponyesha kwa kuitazama, na sikujua."

"Na ikiwa imejaa, hewa ya ndani ni kidogo, inachoka mbio. Ndio maana ya Katindo." Inspekta alikuwa ameshageuza kifuniko. Katikati ya kila kifuniko cha tanki kuna kitundu cha pumzi. Hiki kilikuwa nacho, ila kwa ndani, chini ya raba, mtu alikuwa ametandika kipande cha plastiki, kimekatwa mviringo kwa mkasi mzuri, kimelainishwa ukingoni kisionekane. Kilikuwa kimegeuka njano kwa esansi. Ukingoni pake ulikuwa bado mstari wa buluu wa mfuko wa sukari.

Inspekta alikumbuka termosi. Hakuhitaji kuitaja, maana Léonie alikuwa ametazama plastiki ile mara moja tu na kukaa chini kwenye jiwe.

"Fundi alipoona maji," alisema Léonie, "ilikuwa juma la ile mvua kubwa. Dieudonné alikuwa hajafika. Fundi alimwambia mama: maji inaingilia juu, mufunge vizuri." Alifuta macho kwa mkono wenye grisi, grisi ikabaki shavuni. "Akafunga vizuri. Yeye akifunga kitu, kinafungika."

"Mmm."

"Inspekta, usiandike jina lake. Nakuomba. Mama yangu mwenyewe alibaki Masisi, sijui kama eko muzima. Huyu ndiye niko naye. Usiku anaamka kunifunika, mimi mutu mzima. Akijua ni yeye alinichelewesha ile Alhamisi, na kwamba ameshitaki mutu bure, itamuvunja."

"Na Dieudonné?"

"Najua," alisema. "Najua, Inspekta."

Zihindula aliweka plastiki ndani ya bahasha, akafunga kifuniko bila kitu ndani. "Nitaandika esansi, hewa na plastiki," alisema. "Jina nitaliandika nikiambiwa na mwenye jina. Piga teke."

Skuta iliwaka kwa teke la kwanza, bila Baba Yetu.

*

Komite ilikuwa imeketi uani kwenye viti vya plastiki, mwenyekiti katikati, Mama Kahindo kuume kwake amevaa kitenge cha misa. Dieudonné alisimama palepale alipoachwa asubuhi. Rosette alikuwa bado juu ya mzigo.

Inspekta alisema kesi yake kwa maneno machache, kama mtu anayesoma barua ya mwingine. Esansi ni safi. Maji hayamo. Hakuna aliyeiba hata tone. Skuta ilinyimwa hewa na kipande hiki. Akakitoa kwenye bahasha, akakiweka juu ya meza.

"Nani aliweka?" aliuliza mwenyekiti.

"Mutu aliyetaka kuilinda," alisema Inspekta. "Zaidi ya hapo bado sijaandika."

"Basi ni mulinzi. Kazi yake si kulinda?" alisema mwenyekiti, na wawili watatu wakatikisa kichwa. Léonie alisogea hatua moja mbele.

Mama Kahindo alikuwa amevaa miwani yake. Alikichukua kile kipande, akakinyoosha kwenye goti, akapitisha kidole kwenye ukingo wa mkasi, mpaka kwenye mstari wa buluu. Kisha akamtazama Léonie, na grisi iliyoko shavuni mwake.

"Ulijua," alimwambia.

"Toka Ndosho, mama."

"Na ulikuwa unataka kuninyamazia." Alitoa leso, akampangusa ile grisi mbele ya komite nzima, bila haraka, kama hakuna kikao. Ndipo akageuka. "Inspekta, toa kalamu. Andika Kahindo, mjane, muuza mafuta, Majengo. Andika nilikata mimi, kwa mkasi yangu. Miaka makumi tatu nafunga bidoni, hakuna hata moja ilivuja. Sikujua kwamba kuna kitu ukikifunga sana kinakufa." Alivua miwani yake. "Na andika kwamba nilimuita mwizi mutu ambaye hajaniibia. Nilimuita vile kwa sababu ametoka kule, na sikuuliza zaidi. Hiyo usiiandike kwa kifupi."

Inspekta aliandika, na hakuandika kwa kifupi.

Mama Kahindo alinyanyuka. Tulidhani anakwenda kuomba msamaha kwa Dieudonné, na labda yeye pia alidhani hivyo, lakini alipofika mbele yake hakusimama. Akampita. Alimwinua Rosette kwa mkono, akainama, akabeba mzigo wote, godoro na sufuria na Bikira Maria, kwa mgongo wa miaka sitini na minane, akaurudisha ndani ya chumba cha mlinzi. Tulimsikia humo ndani akifungua mafundo na kutandika godoro.

Alipotoka, simu ya Léonie ilikuwa inalia. Lac Vert: msichana wa miaka kumi na saba, mimba ya kwanza, uchungu tangu asubuhi. Honoré alikimbia na faneli yake akajaza tanki mpaka juu, na hapo sote tulipata hofu, kwa sababu tulikuwa tumeshasikia habari ya tanki lililojaa na Katindo. Léonie alifunga mkoba, akapanda, akaenda.

Tulisikiliza mlio wake ukipungua mpaka ukapotea kwenye malori. Mama Kahindo aliketi kwenye benchi la mlinzi, simu mapajani. Baada ya muda alipapasa nafasi iliyobaki kando yake, na Dieudonné akaketi hapo, kofia mkononi.

"Sasa eko Katindo," alisema Mama Kahindo.

"Ndiyo, Mama."

"Sasa Ndosho."

"Ndiyo."

Baada ya dakika ishirini na nane simu iliita. Aliiweka sikioni, akasikiliza, uso wake ukalegea, akampa Dieudonné.

"Masikio yangu imezeeka. Uliza kama nimesikia vizuri."

Dieudonné alisikiliza. "Anasema amefika, Mama. Haikuzimika."

"Mwambie arudie."

"Amefika, Mama."

"Tena," alisema Mama Kahindo, na akamshika mkono.